Punda Mzee Hakondi kwa Kukosa Dawa

Septemba ikifika Igunga, Nzega na Bukene mkoani Tabora, nyasi zimekwisha na malambo yamebaki tope, punda anayetangulia kukonda ni mzee. Mbavu zinahesabika, uti wa mgongo unatokeza, makalio yanaporomoka. Ushauri nao huanza kumiminika. Huyu anasema mpe pumba. Yule anasema mnyweshe shubiri asafishe tumbo, mwingine anataka akorogewe maji ya tumbaku atoe minyoo. Jirani anakutuma duka la dawa za mifugo ukanunue poda ya vitamini, na kijana wa mkokoteni ana oili chafu ya kupaka vidonda.

Shida ya ushauri huo ni kwamba unakuja umechanganyika. Humo ndani kuna chakula kizuri kikitolewa kwa kiasi. Kuna dawa inayofaa kupakwa lakini inadhuru ikinywewa. Kuna kitu kinachomnenepesha ng'ombe na kumwua punda. Na kabla ya yote hayo kuna swali ambalo ni wachache wanaoliuliza: chakula anachopewa sasa kinatafunwa? Kwa sehemu kubwa punda mzee hakondi kwa kukosa dawa. Anakonda kwa sababu meno yamemwishia wakati bado anapewa mabua yaleyale aliyokuwa akiyamudu ujanani.

Suala hili lina uzito kuliko zamani. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, ilipunguza punda katika nchi nyingi za Afrika hadi Umoja wa Afrika ulipopitisha marufuku mwezi Februari 2024. Kumpata punda mwingine si jambo jepesi, kwa hiyo kaya nyingi zinabaki na mzee wao na zinatamani adumu. Punda anayefanyishwa kazi ngumu bila matunzo huishia miaka 12 au 15, ilhali anayetunzwa anafika 30 na hata kuipita. Miaka hiyo 15 ya katikati ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Si ng'ombe, na si farasi mdogo

Maarifa ya mifugo ya huku kwetu ni maarifa ya ng'ombe. Mfugaji wa Kisukuma au Kinyamwezi anapopata shida ya punda hutumia kile kilichomsaidia zizini. Anayetafuta kwenye simu naye hukutana na maelezo ya watu wa Ulaya na Marekani kuhusu farasi wazee wanaolala bandani na kulishwa nafaka. Farasi Tabora ni mnyama wa kusimuliwa tu. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Unyanyembe, eneo la Tabora, alikuwa na farasi wawili na punda 27, na farasi wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, mbali kabisa na Tabora. Tauni ya farasi na nagana inayoenezwa na mbung'o vimelifunga pori la miombo kwa farasi kwa vizazi na vizazi. Punda huivumilia tauni hiyo vizuri zaidi, ndiyo maana mnyama wa mzigo wa hapa ni yeye.

Tofauti kubwa iko tumboni. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na nyasi huvunjwavunjwa mwanzoni, kabla hazijafika utumboni. Tena ng'ombe hucheua: alichokimeza haraka machungani hurudi mdomoni kutafunwa upya. Punda hana nafasi hiyo ya pili. Anatafuna mara moja na kumeza, chakula kinapita tumbo dogo na utumbo mwembamba, na nyuzi za nyasi zinavunjwa mwishoni kabisa, kwenye utumbo mpana, na vijidudu vinavyoishi humo.

Mpangilio huo una matokeo matatu, na karibu kila nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye mojawapo. La kwanza, asipotafuna vizuri hakuna mahali pengine pa kurekebisha. La pili, wanga ukizidi mlo mmoja, ule ambao haukusagwa kwenye utumbo mwembamba unamwagikia utumbo mpana na kuchachuka humo. Asidi inaua vijidudu vya nyasi, sumu zinaingia kwenye damu, na tumbo linamsokota au kwato zinavimba kwa ndani mpaka ashindwe kusimama. La tatu, punda hawezi kutapika. Misuli ya mlango wa tumbo lake hubana kwa nguvu mno kiasi kwamba kilichoingia hakirudi. Ng'ombe akila kibaya, tumbo lake kubwa la kwanza lina vijidudu vinavyoweza kukipunguza makali kabla hakijamdhuru. Kwa punda kinaingia moja kwa moja.

Lipo na jema. Punda ni hodari wa kutoa nguvu kwenye nyasi kavu kumzidi farasi. Kwa uzito uleule, anahitaji takribani robo tatu tu ya nguvu anayoihitaji farasi. Kwa hiyo vipimo vya chakula vilivyoandikwa kwa ajili ya farasi, ukivifuata jinsi vilivyo, vitamzidishia.

Anzia mdomoni

Punda mkubwa ana magego 24, sita kila upande, juu na chini. Magego hayo ni marefu, na sehemu kubwa imezikwa ndani ya taya. Kila mwaka yanajisukuma nje milimita 2 hadi 3, na kila mwaka nyasi na mchanga vinayasaga kwa kiasi hichohicho. Akiba hiyo ina mwisho. Gego likiisha linalegea na kung'oka, na lile lililokuwa likisagana nalo linakosa mwenzake, linazidi kurefuka na kuchoma fizi iliyo mbele yake. Isitoshe, taya la juu la punda ni pana kuliko la chini. Kwa hiyo kingo za nje za magego ya juu na kingo za ndani za magego ya chini hazisagwi sawasawa, zinabaki na ncha kali zinazokata shavu na ulimi.

Kuna dalili unazoweza kuziona bila kumfungua mdomo. Angalia anapokulia: ukikuta vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu na kutemwa, meno yana shida. Kagua kinyesi. Cha punda mwenye meno mazuri kina nyuzi fupi, laini. Ukiona vipande vya mabua vya sentimita moja au zaidi, au punje nzima za mahindi, chakula kinapita bila kusagwa. Mnuse mdomo. Papasa mashavu kwa nje uone kama anashtuka. Na umtazame anavyokula akiwa na wenzake, kwa sababu mara nyingi mzee huacha mabua akachagua majani laini, na mwenye punda akadhani anadeka.

Ncha kali hukwanguliwa kwa tupa maalumu ya meno ya farasi, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo aliyeisomea. Sishauri mtu ajaribu kwa tupa ya fundi chuma. Jino la punda lina uhai ndani yake, na ukikwangua kupita kiasi unalifungua.

Ukishaangalia meno, angalia mambo mengine mawili kabla hujafungua mkoba. Fizi zikiwa nyeupe badala ya kuwa za waridi, damu imepungua. Huenda ni minyoo, na kwa mifugo inayopita maeneo ya mbung'o, kuanzia misitu ya Kaliua na Ugalla hadi Uvinza, huenda ni nagana. Mwombe afisa mifugo achukue tone la damu likapimwe. Hakuna pumba itakayomnenepesha punda mwenye nagana.

La pili ni uzito halisi. Nywele za punda huficha mbavu, na tumbo la mzee hushuka na kuning'inia, kwa hiyo macho hudanganya. Weka mkono mgongoni, mbavuni na kwenye nyonga, usikie mifupa. Ukiwa na futi ya fundi nguo unaweza kukadiria: punda mwenye mzingo wa kifua wa sentimita 115 na kimo cha sentimita 105 mabegani ana uzito wa karibu kilo 150. Mpime kifua kila mwezi, uandike. Daftari hilo litakuonyesha mapema kuliko macho kama anapungua.

Kinu na ndoo

Nyongeza bora kuliko zote kwa punda asiye na meno ni kumtafunia. Nasema hivyo nikimaanisha kazi halisi ya mikono: kata mabua na nyasi kwa panga vipande vya sentimita 2 au 3, twanga kwenye kinu yale magumu, kisha loweka kwa maji mpaka vilainike. Punda wa kilo 150 anahitaji kilo 2 hadi 2.7 za chakula kikavu kwa siku, na kwa mzee wa magego machache sehemu kubwa ya hiyo iwe imelowekwa. Kulowekwa kunapunguza hatari ya kukabwa na donge kooni, na kunamwingizia maji mnyama ambaye kwa tabia yake huvumilia kiu kimyakimya. Lakini chakula kilicholowekwa kisilale. Joto la Tabora la Oktoba linakichachusha kabla ya jioni. Loweka cha mlo mmoja, akibakisha mwaga, osha ndoo.

Katika vyote vinavyopatikana hapa, ninachokipenda zaidi ni majani ya karanga, yaani shina na majani yanayobaki baada ya kuchuma. Ni ya jamii ya kunde, yana protini kuliko mabua ya mahindi, na yana kalsiamu nyingi, jambo lenye uzito tutakapofika kwenye pumba. Yaanikwe vizuri na yawekwe juu ya uchanja. Majani ya viazi vitamu nayo ni mazuri sana: laini, yana maji, na mzee huyamudu hata kwa fizi. Mabua ya mtama na mahindi yasiachwe; yakikatwakatwa na kulowekwa yanajaza utumbo mpana, na utumbo mpana wa punda lazima uwe na nyuzi wakati wote.

Pumba: hapa ndipo watu wengi hukosea

Kila kaya inayosaga ina pumba, na punda anazipenda. Ni chakula, sikatai. Lakini pumba za mahindi, za ngano, na hasa zile laini za mpunga, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Katika pumba laini za mpunga fosforasi inaizidi kalsiamu mara kumi na zaidi. Mwili wa punda unahitaji kinyume chake: kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na ikiwa mara moja na nusu hadi mbili ndiyo vizuri.

Uwiano ukipinduka kwa miezi, damu inakosa kalsiamu na mwili unaitafuta mahali pengine ilipo, yaani kwenye mifupa. Mifupa ya uso hubadilika kwanza. Inakuwa na matundumatundu, taya linavimba, punda anaanza kuchechemea mguu huu leo na ule kesho bila jeraha lolote. Na magego yanalegea kwa sababu mfupa unaoyashika umelainika. Fikiria basi mwenye punda aliyeona mzee wake amekonda kwa ajili ya meno, akamwongezea pumba mpaka zikawa ndizo mlo wenyewe. Anazidi kuyamaliza meno yaliyobaki.

Tiba yake ni rahisi na haina gharama. Changanya pumba na majani ya karanga kila mara, majani yawe mengi kuliko pumba. Kama majani hayapo, tumia maganda ya mayai: yachemshe, yaanike, yatwange mpaka yawe unga. Maganda hayo ni kalsiamu kaboneti. Kijiko kimoja cha chakula kwa siku kinampa punda wa kilo 150 gramu 5 hivi za kalsiamu, karibu na mahitaji yake ya siku ambayo ni gramu 6. Chokaa ya mifugo inayouzwa madukani hufanya kazi hiyohiyo. Chokaa ya kupaka nyumba usiiguse, inaunguza mdomo na utumbo.

Kuhusu kiasi, punda wa uzito huo asizidi nusu kilo ya pumba kwa mlo mmoja, kwa sababu ya ule wanga niliousema. Anza na konzi moja, ongeza taratibu kwa wiki mbili. Ukitaka kumpa zaidi, ongeza idadi ya milo, si ukubwa wa mlo. Pumba laini za mpunga zina mafuta yanayochacha haraka. Zinuse kabla ya kutoa.

Na mahindi yaliyoota ukungu yasimfikie punda kabisa. Naomba sana katika hili. Ule ukungu unaoota kwenye magunzi yaliyonyeshewa hutengeneza sumu iitwayo fumonisini, ambayo kwa jamii ya farasi huyeyusha nyama ya ubongo. Punda anaanza kuzungukazunguka, anagongana na kuta, anaegemeza kichwa ukutani, na ndani ya siku chache amekufa. Ng'ombe anaweza kula mahindi hayohayo asionyeshe chochote, kwa hiyo mwenye mifugo anaona ni salama. Punje zilizochambuliwa na mama jikoni kwa sababu ni mbovu ndizo mara nyingi hutupiwa punda. Mbovu zitupwe shimoni.

Mafuta, chumvi na molasi

Anayehitaji kunenepeshwa bila kuongezewa wanga anafaa mafuta ya kula. Punda, kama farasi, hana mfuko wa nyongo. Nyongo yake hutiririka kidogo kidogo mfululizo, kwa hiyo mafuta anayamudu yakija kidogo kidogo. Anza na kijiko kimoja cha chakula juu ya chakula kilicholowekwa, na kwa wiki mbili au tatu ufike robo kikombe kwa siku. Kiasi hicho kina nguvu inayokaribia gramu 150 hadi 200 za pumba, na hakichachuki kwenye utumbo.

Kwa walio upande wa Kigoma, mawese yana faida ya ziada. Rangi yake nyekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Punda hupata karotini kwenye majani mabichi, lakini nyasi zikishakaukia juani miezi mitatu minne zinakuwa zimeipoteza. Mawese mapya katika kiangazi yanajaza pengo hilo. Yaliyochacha yaache. Punda mnene, hata kama ni mzee, usimpe mafuta kabisa.

Chumvi anahitaji kila siku, kwa kuwa majani na nafaka karibu hazina. Mwenye kilo 150 asiyefanya kazi anatosheka na kijiko kimoja na nusu cha chai, anayetoka jasho anahitaji zaidi. Jiwe la chumvi ya Uvinza likiwekwa mahali pakavu atalamba mwenyewe kadiri anavyohitaji, mradi maji yapo karibu. Kulamba kwa ulimi hakuhitaji magego.

Molasi inafaa kama kionjo cha kuficha dawa, basi. Ni sukari. Yale matofali ya kulamba ya ng'ombe yaliyochanganywa urea hayamsaidii punda. Ng'ombe hugeuza urea kuwa protini kwenye tumbo lake la kwanza, tumbo ambalo punda hana, na akilamba sana inamdhuru.

Vya ng'ombe na kuku vinavyomwua punda

Mti wa lusina umepandwa sana Tabora na Shinyanga kama lishe ya mifugo na ya kurutubisha udongo, na kwa ng'ombe na mbuzi ni lishe nzuri. Majani yake yana kemikali iitwayo mimosini. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe vinaweza kuivunja, punda hana msaada huo. Akilishwa lusina kwa wiki kadhaa anaanza kunyonyoka nywele za shingo na mkia, kwato zinaharibika, anazidi kukonda. Mwenye punda akiona nywele zinanyonyoka hudhani ni ugonjwa wa ngozi au upungufu wa vitamini, akamwongezea lusina kwa sababu ni ya kijani. Acha kumpa, na nywele zitaota tena.

Chakula cha kuku ni hatari ya haraka zaidi. Vyakula vingi vya kuku wa nyama vimetiwa dawa ya kuzuia koksidia, yaani vimelea vya utumbo wa kuku, na mojawapo ni monensini. Kuku huivumilia. Kwa jamii ya farasi miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kuua, kwa kuharibu misuli ya moyo, na hakuna dawa ya kuiondoa. Mabaki ya mfuko wa chakula cha kuku yasimwagwe anapopita punda. Hata pumba ulizozinunua kwa mchanganyaji wa vyakula vya kuku, uliza kwanza mashine ilisaga nini kabla yake.

Na kwa wenye miparachichi, Kasulu na kwingineko: majani, maganda na tunda lenyewe vina sumu kwa farasi na punda. Wasifungwe chini ya mparachichi.

Dawa za nyumbani, moja moja

Shubiri ya kupaka na shubiri ya kunywa ni vitu viwili tofauti. Ute mweupe wa ndani ya jani ukipakwa kwenye mchubuko unatuliza. Maji ya njano machungu yaliyo chini ya ganda ni dawa kali ya kuharisha. Zamani hata matabibu wa farasi Ulaya waliitumia kwa kusudi hilo, na waliiacha kwa sababu ilikuwa ikiwamaliza wanyama. Punda mzee aliyekonda akiharishwa siku mbili anapoteza maji na chumvi ambazo hana akiba nazo.

Tumbaku naikataa kwa nguvu, na najua naisemea katika mkoa unaoilima. Nikotini inaua minyoo na kupe kwa sababu ni sumu ya mishipa ya fahamu, na sumu hiyo haichagui. Inapita hata kwenye ngozi. Wavunaji wa majani mabichi yenye umande wanaijua kwa kichefuchefu na kizunguzungu. Punda mwenye vidonda vya shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni) akiogeshwa maji ya tumbaku anaipokea moja kwa moja kwenye damu. Kwa minyoo ipo dawa ya kweli. Mwone afisa mifugo akupe inayofaa jamii ya farasi kwa uzito uliopima. Dawa ya minyoo ya ng'ombe yenye levamisoli haifai kukisiwa, kwa kuwa kwa punda umbali kati ya dozi ya kutibu na ya kudhuru ni mdogo. Vivyo hivyo sindano za nagana.

Kumnywesha kwa nguvu, kwa chupa mdomoni au puani, iwe mafuta, soda au maji ya sabuni, ndiko kunakoua wengi wanaoumwa tumbo. Kichwa kikiinuliwa juu kinywaji kinaingia mapafuni. Kisipoingia mapafuni kinaingia kwenye tumbo ambalo tayari limejaa na haliwezi kutapika. Mwenye msokoto wa tumbo mwondolee chakula, mtembeze polepole kama anakubali, na upige simu.

Asali ya Tabora, kinyume chake, ni dawa ninayoitetea. Kidonda cha shogi au cha kamba kikioshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa lita, kisha kikapakwa asali safi, hupona vizuri. Asali hunyonya maji kutoka kwa bakteria, ina uchachu, na inatoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Oili chafu inaua nyama changa na ina mabaki ya madini ya injini. Majivu, udongo na kinyesi hupeleka vijidudu vya pepopunda ndani ya kidonda, na farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka kuliko wote. Kidonda kikipona, tafuta kilichokisababisha: gunia lililokunjika, ubao wa mkokoteni, kamba ya nailoni. Mgongo wa mzee umepungua nyama, kwa hiyo tandiko lililomfaa miaka mitano iliyopita sasa linakaa juu ya mfupa.

Kitunguu saumu kidogo hakimdhuru, lakini kikitolewa kwa wingi kila siku kinavunja chembe nyekundu za damu, na mzee mwenye minyoo hana damu ya kupoteza. Manjano watu wanayasifu kwa viungo vinavyouma. Kinachofanya kazi ndani yake hufyonzwa kidogo mno utumboni. Poda za viungo zenye glukosamini, zinazouzwa ghali kwa farasi wazee duniani kote, zina tatizo hilohilo. Fedha hiyo ningeinunulia magunia ya majani ya karanga. Kwa goti linalouma, kutembea polepole kila siku kunamsaidia kuliko kufungwa amesimama siku nzima.

Ukiona mzee ana nywele ndefu zilizojikunja ambazo hazipukutiki, anakunywa na kukojoa sana, na misuli ya mgongo inayeyuka hata anapokula vizuri, huenda tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo imeharibika. Huo ni ugonjwa wa uzee wa jamii ya farasi, unatulizwa kwa dawa iitwayo pergolidi, na hakuna mti wa shamba unaochukua nafasi yake. Chakula chake kiwe na wanga mdogo kabisa, kwani kwato zake ziko hatarini.

Siku anapoacha kula

Hili mtu asilisubirie kesho. Punda akiacha kula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi na kuyamwaga kwenye damu, na ini linazidiwa. Jike mwenye mimba, punda mnene na punda mzee ndio walio hatarini zaidi. Kwa nje utaona tu amezubaa, masikio yameshuka. Siku moja bila kula ni dharura: mtafute daktari, na wakati unamsubiri mshawishi kwa majani mabichi ya viazi, uji mwepesi wa pumba, chochote laini anachokipenda. Angalia pia kama mwenzake ameuzwa au amekufa. Punda hushikamana wawili wawili, na kutengana peke yake kunatosha kumfanya asuse chakula.

Kazi anaweza kuendelea nayo, ikipimwa. Kiwango kinachoshauriwa kwa punda mzima mwenye afya ni theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 50 kwa mwenye kilo 150. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, zaidi ya nusu. Mzee apewe mawili ya lita 10, asubuhi kabla jua halijakaza, na mkokoteni wa mchanga na matofali waachiwe vijana. Akirudi ashushwe mzigo kwanza, anywe maji, apumzike kivulini, ndipo awekewe ndoo yake ya majani yaliyolowekwa peke yake, mbali na wenzake wenye meno, kwa sababu watamaliza kabla yeye hajameza mara tano.